Njumu za farasi: ndogo inayotosha

Saisi, yaani mtunza farasi, anayeanza kazi kwenye zizi la farasi wa mashindano huwa na swali moja kila asubuhi ya shindano: leo nimtie njumu gani, vile vichwa vya chuma vinavyokazwa chini ya viatu vya chuma vya farasi ili asiteleze? Mara nyingi hujibiwa, "Si umeona mvua ilivyonyesha?" Jibu hilo ni nusu. Mvua inaeleza habari za juu ya ardhi, na njumu inafanya kazi chini yake, kwenye sentimita moja au mbili ambazo jicho halifiki. Mvua ileile ya usiku mmoja hukiacha kiwanja kimoja tope tupu, cha pili kigumu chenye utelezi wa juujuu, na cha tatu kimekwisha kuinywa yote kabla ya saa tatu asubuhi. Viwanja hivyo vitatu havitaki njumu za aina moja.

Hapa Tanga farasi wa mashindano ni wa kutafuta kwa tochi. Joto la pwani, mbung'o na magonjwa yaletwayo na wadudu hayajawahi kumpa farasi nafasi ya kustawi, na kijana anayetaka usaisi hulazimika kuufuata Arusha, Nairobi au Uarabuni. Lakini anayetaka kujifunza kusoma ardhi hana haja ya kusafiri. Mchanga wa Raskazone, ukoka wa viwanja vya mjini, udongo mwekundu wa njia ya Muheza na mawe ya chokaa ya Pongwe na Amboni, vyote viko karibu. Pita sehemu hizo asubuhi ya masika, kisha urudi mchana wa kaskazi, utakuwa umeona karibu kila aina ya ardhi atakayokanyaga farasi wa kuruka viunzi, isipokuwa barafu.

Kuteleza kidogo ni haki ya mguu

Kabla ya kuzungumzia vipimo, lieleweke hili, maana makosa mengi yanaanzia hapa. Kwato inapogusa ardhi haisimami palepale. Huteleza kidogo kwenda mbele, kisha hushika. Huko kuteleza ndiko kunakomeza mshindo. Farasi wa kuruka ana kilo 500 na zaidi, na anapotua baada ya kiunzi mguu mmoja wa mbele hubeba kwa kitambo kifupi mzigo unaozidi uzito wa mwili wake wote. Ukiikomesha kwato ghafla kwa njumu ndefu, mshindo ule haupotei. Unapanda: kwenye viungo vya chini ya kifundo, kwenye kano za nyuma ya mguu, hadi bega.

Kwenye kona ni hivyohivyo. Mwili unageuka, na kwato inatakiwa izunguke nao japo kidogo. Kwato iliyogongomewa ardhini haizunguki, na kinachojipinda ni mguu ulio juu yake.

Mchezaji wa Coastal Union au African Sports anayeingia Mkwakwani huchagua njumu zake mwenyewe, na goti likivutika vibaya analijua papo hapo, anainua mkono, anatoka. Farasi huchaguliwa na mtu, na hasemi. Ataruka viunzi vyote vilivyobaki na maumivu yake, na uvimbe utaonekana kesho yake asubuhi. Ndiyo maana farasi anayeteleza humtia mtu wasiwasi haraka, na farasi aliyeshikwa mno hamshtui mtu, ingawa madhara ya pili si madogo kuliko ya kwanza.

Kwa hiyo kanuni tunayoifuata ni kutafuta njumu ndogo kuliko zote itakayomfanya farasi asogee bila woga. Ukisita kati ya saizi mbili, chukua ndogo.

Na jibu la kwanza la kufikiria ni kutotia kabisa. Kwenye viwanja vya mchanga uliotengenezwa, hasa ule uliochanganywa na nyuzinyuzi za kitambaa, mchanga wenyewe umepangwa uruhusu kwato iingie na kushika. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, Peder Fredricson wa Uswidi alichukua medali ya fedha ya mtu mmoja mmoja na dhahabu ya timu akiwa juu ya All In, farasi ambaye hakuwa na viatu, sembuse njumu. Njumu ni habari ya nyasi: viwanja kama Hickstead cha Uingereza na Aachen cha Ujerumani, na mbio za nyikani ambako farasi hupanda, hushuka, hupita kivulini na kutokea juani ndani ya dakika chache.

Kiatu nacho kiangaliwe kwanza. Kiatu chenye mfereji unaopitia mistari ya misumari, na ambacho ukingo wake wa ndani umekatwa mshazari, hushika nyasi vizuri na hutema udongo. Kiatu bapa kilichotumika mpaka kikang'aa huteleza hata kwenye ukoka mkavu. Ukiona farasi aliyekuwa sawa mwezi uliopita ameanza kuteleza, mgeuze mguu utazame chuma kabla hujakimbilia kuongeza njumu. Viatu hubadilishwa kila baada ya wiki 4 hadi 6 kwa farasi wengi wa mashindano. Akifika wiki ya 7, kwato imerefuka mbele, kisigino kimelala, na hakuna njumu itakayolitengeneza hilo.

Bisibisi kabla ya njumu

Mpanda farasi anapokagua njia kwa miguu, saisi afuatane naye na bisibisi mfukoni. Ichomwe kwa nguvu ya kiganja, bila kugongwa, mahali ambapo farasi atarukia, mahali atakapotua, kwenye kona kali, kwenye mteremko na chini ya miti. Katikati ya kiwanja palipo wazi si mahali pa kupimia, maana hapo hapatokei jambo.

Bisibisi isipopita sentimita moja, ardhi ni ngumu. Ikiingia sentimita tatu au nne kwa kusukumwa, hiyo ni ardhi nzuri. Ikizama hadi mpini bila kubisha, ni tope. Sasa itazame ilivyotoka. Ikitoka imelowa ncha tu na shina kavu, maji yako chini. Ikiwa imelowa sehemu ya juu na ncha imetoka na vumbi, umekutana na ardhi inayodanganya kuliko zote, nayo tutaifikia.

Ardhi ngumu na kavu inataka njumu fupi yenye ncha, kimo cha milimita 8 hadi 10 hivi. Ncha ndiyo inayoingia. Njumu pana kwenye ardhi ngumu haiingii kabisa. Inamsimamisha farasi juu ya vichwa vya chuma, kisigino kikiwa kimeinuliwa na kiatu hakigusi chini. Hapo hata ule mshiko wa kiatu ulioanza nao umeupoteza.

Ardhi nzuri, yenye nyasi zilizofunga na unyevu wa kiasi, haihitaji makuu. Njumu ya pembe sita au ya koni butu, milimita 10 hadi 12, mara nyingi miguu ya nyuma tu. Wapo wanaotia miguu yote minne kwa mazoea. Kwa farasi mtulivu kwenye kozi fupi, hatuoni sababu.

Tope la kweli, lile la masika ambapo buti linaingia hadi ngozi ya juu, linataka njumu pana na butu, milimita 18 hadi 25. Hapa ncha haina kazi, maana hakuna kigumu cha kuingia. Kinachotakiwa ni uso mpana wa kusukuma udongo.

Sasa ile inayodanganya. Jua limepiga wiki mbili, ardhi imekuwa kama sakafu, kisha alfajiri manyunyu ya nusu saa. Juu pameng'aa, nyasi zimelala, kila mtu anasema kumelowa, na watu wanafungua visanduku vya njumu za tope. Chini ya ngozi hiyo ya utelezi yenye unene wa nusu sentimita kuna ugumu uleule wa jana. Njumu pana haitapenya, itaelea juu ya utelezi. Hapa panatakiwa njumu nyembamba yenye ncha, ndefu kidogo kuliko ya ardhi kavu, milimita 12 hadi 15, ipite utelezi na kufika penye kushikika. Udongo mwekundu wa Muheza baada ya mvua ya kwanza ya vuli unafanana sana na hali hii, na mwenye pikipiki wa huko anaijua bila kufundishwa.

Upo pia udongo wa mfinyanzi unaonata, usio tope jepesi wala si mgumu. Mtu huona miguu imezama, akadhani njumu kubwa ndiyo dawa. Udongo huo unashika wenyewe. Kwato inatoka kwa kuvutwa, na ukiongeza njumu kubwa unaongeza uzito wa kuvuta. Matokeo yake ni kiatu kung'oka, pengine na kipande cha ukuta wa kwato. Tia ya wastani au usitie.

Kuna na njumu ndogo zenye kiini cha tangsteni kwa ajili ya lami. Hizo ni za farasi anayefanya kazi barabarani. Hazina nafasi kwenye viunzi.

Hali ya ardhi hubadilika siku nzima, na namba ya kuanzia ina maana. Farasi wa 3 anakanyaga nyasi, farasi wa 40 anakanyaga kilichoachwa na farasi 39. Kaa mahali unapoona kona mbaya kuliko zote, tazama wawili watatu wakipita, ndipo uamue. Mtu akiteleza kwenye kona hiyo, angalia kwanza alivyoingia. Farasi aliyekuja kwa kasi akiwa ameegemea mkono wa ndani atateleza hata ukimtia misumari ya reli.

Mbele, nyuma, ndani, nje

Miguu ya nyuma inasukuma, miguu ya mbele inapokea. Anayesukuma ndiye anayehitaji kushika, na anayepokea ndiye anayehitaji kuteleza kidogo. Kwa hiyo njumu za mbele daima ziwe fupi kuliko za nyuma, au angalau zilingane, kamwe zisizidi. Ukiamua kutia jozi moja tu, itie nyuma.

Kila kiatu kipate njumu mbili, moja kila upande wa kisigino. Zamani walizoea kutia moja tu upande wa nje, na wapo wanaoendelea nayo. Ardhi ikiwa laini, njumu inazama yote na farasi haihisi sana. Ardhi ikiwa ngumu, kwato inainama upande mmoja kila hatua, uzito unaangukia ndani, na kiungo kinalipa. Mbili zinasawazisha.

Lakini mbili hizo si lazima zifanane. Ya ndani ndiyo iliyo karibu na mguu wa pili, kwa hiyo iwe butu na, ikibidi, fupi kidogo kuliko ya nje. Tofauti isizidi milimita mbili tatu, vinginevyo unarudi kwenye ule ule upogo. Njumu yenye ncha haitiwi upande wa ndani wa farasi anayegonganisha miguu. Utamjua kwa alama za kukwaruzwa ndani ya vifundo. Farasi wa namna hiyo avae vilinda mguu hata kwenye mazoezi.

Farasi anaporuka hukunja miguu ya mbele hadi kwato zikakaribia kifua na tumbo. Mwenye kukunja vizuri anaweza kujichoma. Kwa hiyo ukitia njumu mbele, mkanda wa tandiko uwe ule mpana wenye ngao ya ngozi chini ya kifua. Na kwa kuwa mguu wa nyuma unaweza kumkanyaga kisigino cha mbele, mvishe vile vifuniko vya mpira vya umbo la kengele vinavyozunguka kwato. Jeraha la njumu kwenye ukingo wa juu wa kwato, pale nywele zinapoanzia, huponda sehemu inayootesha kwato yenyewe, na alama yake hushuka na kwato kwa miezi.

Njumu za mbele ya kiatu, kwenye kidole, ni za nchi za barafu. Waachieni wao.

Tundu na hesi

Njumu nyingi zinazopotea kiwanjani hazikupotea kwa sababu ya kiwanja. Zilitiwa kwenye tundu lisilo lao.

Kuna hesi tatu, yaani nyuzi za skrubu, utakazokutana nazo. Ya kwanza ni ya inchi 3/8, inayotumika sana Uingereza na Marekani, nyuzi 16 kwa inchi. Ya pili ni M10, ya tatu M12, zote za vipimo vya milimita na za kawaida katika Ulaya bara. M12 unaitambua kwa unene wake. Taabu iko kati ya 3/8 na M10. Inchi 3/8 ni milimita 9.5, na umbali wa uzi hadi uzi ni karibu milimita 1.59. M10 ni milimita 10, na umbali ni 1.5. Njumu ya 3/8 huingia kwenye tundu la M10, tena kwa vidole, na anayetia hufurahi jinsi ilivyo laini. Inacheza ndani. Baada ya viunzi vitatu imekula hesi, baada ya vitano iko kwenye nyasi. Njumu ya M10 kwenye tundu la 3/8 hukataa mapema, lakini mwenye spana na hasira huilazimisha, na tundu limekwisha.

Kwa hiyo zizi lichague hesi moja na kuishika. Farasi mgeni akiletwa, muulizeni mwenye farasi, kisha msimwamini. Pimeni kwa bolti inayojulikana. Bolti ya M10 utaipata duka lolote la vifaa Ngamiani, na hiyo ndiyo kazi yake pekee hapa, kupimia. Wapo wanaofikiri kuikata na kuitia iwe njumu. Chuma chake ni laini, kichwa hulika siku moja, na shina lake ni refu mno.

Urefu wa shina, sehemu ya njumu yenye hesi, ni jambo la kutazamwa kuliko linavyotazamwa. Kiatu kina unene wa milimita 8 hadi 10 kikiwa kipya, na kinapungua kila siku. Tundu limepita moja kwa moja, na juu yake kuna kwato. Shina likizidi unene wa kiatu, ncha yake inasukuma kwato kila hatua. Farasi huanza kuchechemea, mganga wa mifugo anaitwa, mguu unapimwa, na sababu ni milimita mbili za chuma. Pima shina kwa rula, pima kiatu kwenye kisigino, linganisha. Kiatu cha wiki ya tano kimepungua, kwa hiyo kipimo cha siku kilipotiwa kisikudanganye.

Tundu hutobolewa na fundi wa kwato kabla ya kiatu kupigwa misumari. Mwambie mapema, siku ya miadi akishamaliza mguu wa tatu umechelewa. Liwe nyuma ya tundu la msumari wa mwisho, katikati ya upana wa chuma, wima kabisa. Kwa M10 keekee iwe na biti ya milimita 8.5, kwa M12 ni 10.2, na kwa 3/8 ni milimita 8 hivi. Tundu likizidishwa hata nusu milimita, hesi inakuwa na kina pungufu na itakatika mapema. Kama fundi hana mashine ya kusimamisha keekee wima, ajaribu kwanza kwenye kiatu kikuukuu. Tundu lililoinama linaifanya njumu isimame kama jino la pembeni, na bega lake, ule ukingo wa chini ya kichwa, halikai sawasawa kwenye chuma.

Viatu vya alumini ni vyepesi na vinapendwa, lakini hesi yake huchakaa upesi kuliko ya chuma. Kwa hivyo kikata hesi, kifaa cha kusafishia nyuzi za tundu, kipitishwe kwa mkono mwepesi, na njumu isikazwe kwa ubabe.

Siku yenyewe

Kazi ya jioni inaokoa asubuhi. Usiku wa kuamkia shindano toa vizibo vya matundu, yasafishe, pitisha kikata hesi, kisha ziba tena kwa pamba iliyochovywa mafuta. Asubuhi itabaki kuchomoa pamba na kukaza.

Simama mahali pagumu na safi, si kwenye nyasi, maana njumu iliyoanguka kwenye nyasi ni ya kukanyagwa na mtu mwingine. Farasi ashikwe na mtu wa pili, asifungwe. Mpulizie dawa ya nzi kwanza. Hili linaonekana dogo, lakini mguu unaopigwa chini kwa ajili ya nzi ukiwa na kikata hesi ndani ya tundu unaweza kukiingiza kwenye kwato au kwenye mkono wako. Ndiyo sababu ya kununua kile kifupi cha umbo la herufi T chenye bega linalokizuia kisipite kina cha kiatu. Kile kirefu cha karakana kibaki karakana.

Inua mguu kama fundi afanyavyo. Chomoa pamba, kwangua mchanga kwa msumari wa farasi, piga brashi ya waya. Anza kikata hesi kwa vidole vyako, mzunguko mzima wa kwanza bila nguvu. Kikigoma, kimeanza upande, kirudishe. Kila mizunguko miwili kirudishe nusu ili chembe za chuma zitoke. Kisha njumu: iingie kwa vidole mizunguko mitatu kabla spana haijaguswa. Ikikataa kwa vidole, spana haitaisaidia, itaharibu tu. Kaza mpaka bega la njumu likae lote juu ya chuma, ongeza robo mzunguko, basi.

Fuata mpangilio uleule kila siku, kwa mfano nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Ukiitwa katikati ya kazi utajua ulipoishia.

Farasi ambaye hajawahi kuvaa njumu atembezwe dakika chache kwenye nyasi kabla ya kupandwa. Wengine huinua miguu juu kama wanakanyaga moto, kisha husahau. Baada ya kupasha misuli, inua kila mguu tena na ujaribu kila njumu kwa spana. Itakayolegea italegea wakati huo.

Njumu hazipandi kwenye lori na hazivuki lami. Hazilali zizini pia. Farasi aliyesimama juu ya saruji akiwa na njumu amesimama juu ya nukta chache za chuma, kiungo hakijapumzika, na akihamisha mguu anaweza kujikanyaga. Akishatoka uwanjani, apoe kwa kutembezwa kwenye nyasi, kisha njumu zitoke kabla ya maji, kabla ya majani. Ukimwogesha kwanza, mchanga unashuka kwenye hesi na njumu inaganda. Iliyoganda ipewe mafuta ya kupenyeza na dakika kumi, halafu spana ishikwe karibu na kichwa, isukumwe polepole. Iliyovunjikia ndani ni ya fundi. Kiatu kitoke.

Mara njumu zikitoka, matundu yazibwe. Pamba yenye mafuta inatosha kwa siku mbili tatu. Kwa wiki nzima tumia vizibo vya mpira, au skrubu fupi bapa za chuma zilizopakwa grisi. Za chuma hulinda hesi zaidi, ila kagua zisiwe zimelika mpaka spana au bisibisi ikose pa kushika.

Cha kununua

Farasi mmoja mwenye matundu mawili kwa kila kiatu ana matundu 8. Seti inayokidhi ni njumu 8 fupi zenye ncha, 8 za wastani za koni butu au pembe sita, 4 ndefu nyembamba na 4 pana za tope kwa miguu ya nyuma, mbele zikitumika za wastani. Ongeza mbili mbili za akiba kwa kila aina, maana njumu hupotea moja, na moja iliyobaki haina mwenzake. Vizibo 8, na vingine 4 vya akiba. Kikata hesi kimoja cha hesi yenu, spana inayoingia kwenye vichwa vyote (njumu za viwanda tofauti hutofautiana kichwa, kwa hiyo spana malaya haikosi kazi), brashi ya waya, misumari michache ya farasi na chupa ndogo ya mafuta.

Nunueni seti zinazolingana kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Njumu mbili zinazoitwa za wastani, kila moja ya kiwanda chake, zinaweza kupishana milimita tatu, na upogo ule tuliousema unaingia bila mtu kujua. Njumu iliyotumika nayo hupungua. Zipangeni jozi kwa jozi na kuzipima mara moja kwa mwezi.

Kwa anayekaa pwani, kutu ndiyo adui wa sanduku hili. Hewa ya chumvi ya Tanga hula njumu ya chuma cha kawaida ndani ya sanduku lililofungwa, hasa ikiwekwa ikiwa na udongo wenye unyevu. Zisizoshika kutu ni ghali zaidi na zinastahili bei hiyo, isipokuwa zile zenye ncha, ambazo ugumu wa chuma una maana kuliko kung'aa. Zioshwe kwa maji baridi, zikaushwe kwa kitambaa, zitumbukizwe kwenye kopo lenye mafuta ya injini kidogo, zipanguswe, zirudi kwenye visehemu vyake. Bakuli lenye sumaku chini, kama lile la mafundi magari, lizuie njumu wakati wa kazi, lakini zisihifadhiwe humo. Chuma kikishika usumaku kinabeba unga wa chuma kutoka kwenye kila tundu kinapoingia, na unga huo ndio unaoila hesi.